Polishi ya Shemeji

Siku shemeji yake alipoingiza pipa la polishi getini, Mama Nta alikuwa amepiga magoti mbele ya bampa, anasugua lami iliyogandia chini ya taa. Alilisikia pipa kabla ya kuliona. Lilikuwa linabingirishwa juu ya zege, na chuma chake kilipiga kelele mpaka fundi cherehani wa upande wa pili wa barabara akatoa kichwa dirishani. Shemeji alikuja nyuma yake akitabasamu, shati limelowa jasho mgongoni. Alisema amekuja kuwakomboa. Dawa hiyo, alieleza, inapakwa mara moja, inafutwa mara moja, na gari linatoka kama jipya. Hakuna tena kukaa na boneti moja kutwa nzima kama mtu anayembembeleza mgonjwa ale.

Mama Nta alinyanyuka, akafuta mikono kwenye aproni, akachovya kidole ndani ya pipa na kukinusa. Kulikuwa na harufu ya mafuta ya taa, na juu yake manukato ya ndimu yaliyotiwa ili kuificha. Nyuma ya karakana kulikuwa na boneti kuukuu nyeusi iliyoegemezwa ukutani, ambayo yeye na mumewe waliitumia kujaribia kila kopo jipya kabla halijagusa gari la mtu. Akaipaka dawa ya shemeji upande mmoja, akaifuta. Kweli, ilimeremeta. Ile mikwaruzo midogo ya mviringo, inayofanana na utando wa buibui jua likiipiga, haikuonekana hata mmoja. Shemeji alikunja mikono kifuani akasubiri kupongezwa.

Mama Nta akachukua ndoo ya maji ya sabuni na sifongo, akaosha pale pale. Mng'aro wote ukateremka na povu hadi sakafuni, na mikwaruzo ikarudi mahali pake, mmoja baada ya mwingine.

"Hii haitagusa gari la mteja hapa," alisema.

Shemeji hakukasirika, au hakuonyesha. Alimwambia kwa upole, kama anayemweleza mtoto, kwamba mteja huliangalia gari lake vizuri mara moja tu, siku anapokuja kulichukua. Baada ya hapo, litakalotokea ni baina yake na mvua. Halafu akaongeza kuwa, kwa vyovyote vile, uamuzi wa dawa ipi itumike haukuwa tena wa Mama Nta.

Hapo ndipo ilipouma.

Karakana ile haikuwa ya shemeji. Ilikuwa ya mumewe, aliyeitwa Fundi na kila mtu, hata na mama yake mzazi, na ilikuwa ya Mama Nta pia. Alifika pale mara ya kwanza akiwa msichana anayeuza vitambaa laini vya kufutia magari, na Fundi akawa ananunua vitambaa vingi kuliko magari aliyokuwa nayo, mpaka ikabidi amuoe ili apumzike kununua. Ndivyo mwenyewe alivyopenda kusimulia. Alimfundisha kazi yote. Alimfundisha kwamba kompaundi inakula rangi, polishi inailainisha, wala hakuna kati ya hizo inayoilinda, na anayemkabidhi mtu gari baada ya hapo tu amemkabidhi mtu aliyeogeshwa akaachwa nje bila nguo. Nguo ni nta au silanti. Nta inaipa rangi nyeusi kina, unahisi ukiigusa mkono utazama mpaka kwenye kiwiko, lakini jua kali linaiyeyusha na haichukui wiki nyingi imekwisha. Silanti inatengenezwa kiwandani, mng'aro wake ni mkavu kidogo, ila ikishashika inavumilia jua, vumbi na sabuni kwa miezi. Fundi alikuwa mtu wa nta. Mkewe aliipenda nta hata jina likamganda, maana viganja vyake vilinukia nta akiwa jikoni, akiwa hospitali, akiwa harusini. Lakini miaka ilivyokwenda alianza kuipendelea silanti, na ugomvi wao juu ya jambo hilo ulikuwa sehemu ya furaha ya nyumba.

Kisha kiharusi kikampata Fundi asubuhi moja, mashine ikiwa mkononi. Mkono wa kulia ulikataa amri, mashine ikamponyoka ikakimbia juu ya boneti ya mtu na kuangukia upande wa pili, na yeye akaifuata chini. Alipona, kama ndio kupona. Upande wa kulia ulibaki mzito, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, baada ya kutafutwa. Alikuwa analetwa karakana kila siku, anakalishwa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango wa stoo, anasikiliza mashine zinavyolia na kukunja uso ikilia vibaya.

Na shemeji alikuwa amekuja. Hilo Mama Nta hakutaka kulisahau hata alipokuwa na hasira. Kaka mkubwa wa mumewe aliacha kazi yake ya kuuza vifaa vya ujenzi, akaja siku ile ile, akambeba mdogo wake mgongoni kwenye ngazi za kliniki kwa sababu lifti ilikuwa mbovu. Alibadilisha mabati ya karakana yaliyokuwa yanavuja. Alileta pampu mpya ya maji. Wateja waliodhani pamefungwa aliwafuata mmoja mmoja mpaka wakarudi. Kwa hiyo alipouchukua ufunguo wa stoo akasema atautunza yeye, Mama Nta alinyamaza. Alipoanza kuwaambia wateja "karakana yangu," alinyamaza pia. Alikuwa anamlipa kwa ukimya.

Siku ya pipa ukimya huo ulikwisha. Shemeji aliagiza gari linalofuata lipakwe dawa mpya. Mama Nta akasema halipaki. Shemeji akasema vizuri, basi kuanzia kesho Mama Nta atakaa mezani apokee wateja na kuwachemshia chai, mikono yake ipumzike, kazi za nje watafanya vijana. Akanyoosha mkono apewe mashine.

Mama Nta aliivuta mashine ikamkaa kifuani, waya umening'inia.

"Mashine hii niliinunua mimi, shemeji, kabla hujajua hata karakana hii iko mtaa gani. Chai nitachemsha nyumbani kwangu."

Akamtazama mumewe. Fundi alikuwa anaangalia vidole vyake vya mkono wa kulia, anavinyoosha kimoja kimoja kwa mkono wa kushoto kama daktari wa mazoezi alivyomfundisha. Hakuinua uso.

Jioni, wakati wa kula, alimuuliza waziwazi kama naye anataka lile pipa. Fundi alitafuna muda mrefu. Kulisema jambo kulikuwa kunamchosha, na mkewe alijua, akasubiri. Mwishowe alisema maneno mawili tu: "Ni kaka." Mama Nta alikusanya vyombo. Alimwandalia maji ya kuoga na kumsaidia kufunga vifungo vya shati la kulalia, kama kila siku, lakini hakumsemesha tena. Alikuwa anafikiri. Kaka ni kaka, sawa. Lakini yeye hakuwa ameolewa na kaka.

Asubuhi alimsindikiza mumewe mpaka kwenye kiti chake cha plastiki, akamwekea mto mgongoni, akamwamkia shemeji kwa adabu zote. Kisha akabeba mashine yake, ndoo zake na mfuko wa vitambaa, akavuka barabara.

Ng'ambo, ubavuni mwa duka la fundi cherehani, kulikuwa na kiwanja kitupu chenye sakafu ya saruji iliyobaki baada ya nyumba kuvunjwa. Fundi cherehani, mama mmoja mnene asiyependa kuulizwaulizwa, alimpitishia waya wa umeme dirishani na kumwambia asimshukuru, amechoka kulitazama lile geti bila kuwa na tamthilia. Mama Nta akafunga turubai kutoka ukutani hadi kwenye nguzo mbili za bomba. Akafagia. Akaosha saruji. Halafu akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akiwa anatazamana na geti lake mwenyewe.

Siku za mwanzo hazikuwa nzuri. Wateja wa zamani walimwona, wakapunga mkono kwa aibu, wakaingia kwa shemeji kwa sababu ndiko walikozoea na ndiko kulikokuwa na viti. Shemeji alikuwa anawatolea magari yao yanameremeta. Mchana, jua likiwa kali, Mama Nta alivuka kumpelekea mumewe chakula, akamlisha mbele ya watu wote bila kujificha, akarudi. Shemeji alimwambia anaidhalilisha familia, watu wanacheka. Mama Nta akamjibu kwamba wakichoka kucheka watanyamaza. Akasafisha taksi moja, pikipiki mbili, na gari la mwalimu wa shule lililokuwa limekauka rangi mpaka likawa kama chaki. Mwalimu alitaka ling'ae. Mama Nta alimwambia rangi ya juu imekwisha, mashine itaimaliza kabisa. Atamsafishia kwa mkono na kumpaka silanti kidogo aliyobaki nayo mfukoni ili iliyopo idumu, lakini kung'aa asitegemee. Mwalimu alikubali kwa shingo upande. Silanti ikaishia hapo. Nyingine zote zilikuwa ndani ya stoo, chini ya ufunguo wa shemeji.

Ndipo likaja gari la maiti.

Lilikuwa jeusi, refu, na dereva wake alijulikana kwa jina la Polepole, kwa sababu za wazi. Alikuwa mzee nadhifu aliyevaa suti hata siku zisizo na msiba. Kwa miaka mingi gari hilo lilitunzwa na Fundi kwa nta, na Polepole alikuwa akisema hadharani kwamba abiria wake hawalalamiki lakini ndugu zao wana macho. Safari hii shemeji ndiye aliyelipokea, na akalipaka dawa ya pipa. Lilitoka zuri. Kesho yake kukawa na mazishi, na manyunyu yakaanza kudondoka wakati jeneza linashushwa. Polepole alisimulia akiwa amesimama kwenye saruji ya Mama Nta, kofia mkononi. Dawa ilianza kutiririka. Ikashuka milangoni kwa michirizi myeupe ya mafuta mbele ya waombolezaji, na mama mmoja aliyeegemea gari akilia aliondoka na gauni lenye doa jeupe mgongoni. Mwenye kampuni alikuwepo. Alimwambia Polepole kwamba labda gari limezeeka na dereva pia.

Polepole alikuwa amekwenda kwanza kwa shemeji. Shemeji alicheka vizuri tu, bila ubaya, akamwambia alilete kila wiki lipakwe tena.

"Sitaki lipakwe kila wiki," Polepole alimwambia Mama Nta. "Kesho kutwa nambeba mtu. Sitaki limwaibishe."

Mama Nta alizunguka gari lote kwa mwendo wa taratibu. Alipitisha kiganja juu ya paa, akainama akaangalia mlango kwa upande, jua likiwa nyuma yake. Klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi, bado ilikuwa nene. Mikwaruzo ilikuwa mingi lakini haikuwa ya kina. Kwanza aliosha gari kwa sabuni kali ya kukatia mafuta, mara mbili, mpaka maji yakaacha kuteleza. Chini yake gari likaonekana lilivyo: limechoka, lina utando wa buibui kila mahali, hasa boneti. Akalisugua kwa udongo laini wa kutolea vumbi la breki lililojichoma kwenye rangi. Kazi ya mashine angeianza mchana. Lakini kulinda alikokuwa anakufikiria kulihitaji silanti, na hakuwa nayo.

Akafunga aproni upya, akavuka barabara.

Wakati huo karakana ilikuwa na wateja watatu au wanne wamekaa kwenye viti. Mama Nta alipita katikati yao akawaamkia. Shemeji aliinuka mezani, akamuuliza anataka nini. Akasema anataka silanti, kopo la bluu lililo rafu ya juu, alilolinunua yeye na mumewe. Shemeji akasogea akasimama mbele ya mlango wa stoo. Alisema atampa, tena kwa moyo mweupe, akirudi na mashine yake na kukaa mezani alikopangiwa. Aliyasema hayo kwa sauti ya kusikiwa na wateja.

"Sikuja kuomba, shemeji," alisema Mama Nta. "Nimekuja kuchukua. Sirudi mezani, wala sitaondoka hapa mlangoni mikono mitupu. Tutasimama wote."

Wakasimama. Ilikuwa ni kichekesho kwa mtu wa nje, watu wazima wawili wanatazamana mbele ya mlango wa bati. Mteja mmoja akaanza kukohoa kohozi lisilokuwepo. Shemeji alikuwa mrefu, na jasho lilianza kumtoka kwenye mdomo wa juu. Pengine naye alikuwa hajui ajitoeje.

Kiti cha plastiki kililia. Fundi alikuwa anajiinua. Alishika fimbo kwa mkono wa kushoto, akajisukuma, akarudi chini, akajisukuma tena. Mkewe alitaka kumkimbilia, akajizuia. Alipopata kusimama alikwenda mpaka mlangoni kwa hatua zake za kuburuta. Shemeji alisogea pembeni, maana hangeweza kumzuia mgonjwa wake aliyembeba mwenyewe mgongoni. Fundi akamwonyesha kwa kidevu mfuko wa shati, penye ufunguo. Shemeji akautoa, akafungua.

Ndani kulisikika makopo yanagongana. Fundi akatoka na kopo limebanwa kwapani, fimbo mkononi, wala hakurudi kwenye kiti. Alielekea getini. Alikanyaga barabara bila kutazama kushoto wala kulia, na lori la mchanga likafunga breki, na nyuma yake gari dogo likapiga honi mpaka dereva wake alipoona ni nani anavuka. Magari yalisimama pande zote mbili. Mama Nta alitembea kando yake, hakumshika. Alijua akimshika atakuwa ameiharibu. Alikuwa analia, lakini kwa namna isiyomzuia kuona njia.

Walipofika chini ya turubai, Polepole alimpa Fundi ndoo aikalie. Fundi akamkabidhi mkewe kopo. Mama Nta akaliangalia.

"Fundi, umeleta nta."

"Nyeusi," alisema Fundi, akihema. Akatafuta neno lingine. "Nyeusi... ni nta."

"Gari hili linashinda juani makaburini. Linalala kwenye umande. Wiki chache tu nta itakuwa imeyeyuka na mzee huyu atarudi kulia hapa. Ni silanti."

"Nta," alisema Fundi.

"Nimekushukuru, na nitakushukuru mpaka nife. Lakini ni silanti."

Polepole alimtazama mmoja, akamtazama mwingine, akaamua kuisafisha kofia yake. Na Fundi akaanza kucheka. Kicheko kilimtoka upande mmoja wa mdomo, kibovu, kikubwa, cha kwanza tangu siku ile mashine ilipomponyoka. Mama Nta alimwacha akicheka hapo hapo, akavuka barabara tena. Mlango wa stoo ulikuwa wazi bado. Shemeji alikuwa amekaa mezani, ameangalia mikono yake. Hakumzuia. Mama Nta alipanda kwenye kigoda, akashusha kopo la bluu, akashuka, akamwambia asante.

Kazi ilichukua mchana ule na siku iliyofuata. Alianza na kompaundi nyepesi na pedi ngumu, kipande kidogo kidogo, bila kukandamiza kwenye kingo za milango ambako rangi huwa nyembamba. Fundi alikaa juu ya ndoo amefumba macho. Mashine ikiongeza mbio kupita kiasi alipiga fimbo chini, na mkewe akapunguza. Baadaye alibadilisha pedi, akaweka laini, akapita na polishi mpaka utando wa buibui ukaondoka kwelikweli, sio kufichwa. Kila sehemu aliifuta kwa spiriti ili kuhakikisha hakuna mafuta yanayomdanganya. Fundi aliomba asogezwe karibu. Akaweka kiganja cha kushoto juu ya mlango, akakiacha hapo, akatikisa kichwa kukubali.

Silanti aliipaka jioni, jua liliposhuka na bati likapoa, safu nyembamba kiasi cha kuonekana kama pumzi iliyopulizwa kwenye kioo. Akaiacha ishike, akaifuta kesho yake, akapaka ya pili. Mng'aro ulikuwa wa wazi, mkavu kidogo, kama alivyojua utakuwa. Fundi aliugeuzia uso kwa dharau. Ili kumpa haki yake, Mama Nta alichukua ile nta aliyoileta, akampa kitambaa mkononi, akamwambia apake juu ya silanti, kwenye boneti tu, pale watu wanapotazama. Alipaka kwa mkono wa kushoto, kwa mizunguko iliyopinda, muda mrefu sana. Hakuna aliyemharakisha.

Polepole alimbeba mtu wake. Mvua haikunyesha siku hiyo. Ilinyesha wiki iliyofuata, kubwa, na alipita mbele ya turubai kwa makusudi, kwa mwendo wake ule ule, ili waone maji yanavyokaa juu ya rangi kwa matone ya duara na kukimbia. Akapiga honi moja fupi. Fundi cherehani alisema dirishani kwamba hajawahi kuona gari la maiti likiringa.

Baada ya hapo wateja wakaanza kuvuka. Si wote. Wauza magari waliendelea kwenda kwa shemeji, kwa sababu walichotaka ni gari ling'ae siku ya kuuzwa tu, na kwa hilo pipa lilikuwa linatosha. Karakana mbili zikawa zinatazamana, na kiti cha plastiki kikahamia ng'ambo.

Shemeji alivumilia kwa muda, halafu akaja nyumbani siku moja baada ya kazi, amevaa vizuri. Alikaa. Alipokea maji. Akasema yeye si mtu wa makuu, ila kuna jambo linamkaa rohoni. Aliaibishwa mbele ya wateja, mbele ya barabara nzima, yeye mkubwa wa nyumba, na mke wa mdogo wake. Anataka kuombwa radhi, na akishaombwa, mengine yatazungumzika.

Fundi alimtazama mkewe. Mama Nta aliweka mikono magotini.

"Shemeji, ulimbeba mume wangu mgongoni. Hilo sitalisahau. Kama nilikuvunjia heshima mbele ya watu, nisamehe, inatoka moyoni. Lakini kwa kulikataa pipa lako, sitaomba radhi. Leo siombi, kesho siombi. Na kwa kuvuka barabara siombi."

Shemeji alimgeukia mdogo wake, akitegemea yale maneno mawili ya siku zote. Fundi alichukua muda wake.

"Umesikia, kaka," alisema. "Mimi pia... siombi."

Mama Nta hakutoa macho yake usoni mwa shemeji, na hakuyaongezea ukali, aliyaacha tu pale. Shemeji akanywa maji yaliyobaki. Akasema amesikia. Akaaga, akaondoka, na mlangoni akamkumbusha mkewe Fundi kwamba ile miadi ya kliniki ni mwanzoni mwa wiki, atakuja kumchukua mwenyewe kama kawaida.

Na alikuja. Karakana hakuirudisha siku hiyo wala mwezi huo. Aliiacha baadaye, kwa sababu yake mwenyewe: mmoja wa wale wauza magari alimpa kazi ya kusimamia yadi yake, kazi iliyomfaa kuliko ile, ya kuongea na watu na kuwaonyesha vitu vinavyong'aa. Siku ya kuondoka alimletea Mama Nta ufunguo wa stoo ukiwa umefungwa kwenye karatasi. Mama Nta alivuka na mashine yake, ndoo zake na mumewe. Siku ya kwanza alitoboa ukuta wa stoo akatundika rafu za nje, makopo yote yakawa yanaonekana na kufikiwa na kila mwenye kazi nayo.

Shemeji anakula kwao mara kwa mara. Bado anaamini kwamba mteja anataka kung'aa tu, na kila anaposhiba hulianzisha. Anasema mambo ya silanti na nta ni kujisumbua, dunia inakwenda mbio, hakuna anayekagua mlango wa gari kwa kiganja. Fundi husema "nta," kwa sababu hajabadilika hata kidogo. Mama Nta huwapakulia wote wawili tena, awaongezee mchuzi, kisha huwaambia, bila kupandisha sauti, kwamba wote wawili wamekosea.